Kamati zikague bodi za dari kabla ya kutia saini

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi tunalichukulia kuwa ni la mafundi peke yao. Jambo lenyewe ni ukaguzi wa bodi za jasi, zile ambazo mafundi wetu huziita jipsam, kabla hazijapigiliwa katika nyumba ambamo watu watalala.

Kwanza niungame kosa langu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mapokezi ya vifaa katika ujenzi wa nyumba ya walimu hapa shuleni kwetu, huku milimani wilayani Same. Wananchi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Serikali ilileta fedha za vifaa vya dukani. Ilikuwa mwezi wa sita, siku chache kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, na kila mmoja wetu alikuwa akiambiwa kwamba fedha isiyotumika itarudi ilikotoka. Lori la bodi lilifika jua limekwisha kuzama. Dereva alikuwa na haraka ya kuteremka mlima kabla ya ukungu. Utingo alishusha mzigo, akatupa hati, nasi wajumbe watatu tukatia saini kwa mwanga wa simu ya mzee mwenyekiti. Idadi tuliihesabu, tena mara mbili, kwa sababu kuhesabu tulifundishwa. Hakuna furushi hata moja tulilolifungua.

Kulipokucha tukaona. Bodi za chini zilikuwa zimepata maji huko zilikotoka, kingo zimevimba, karatasi imeanza kuachana na unga wa ndani, na mgongoni hazina jina la kiwanda wala alama yoyote. Muuzaji tulipompigia simu alijibu kwa maneno mawili: "Si mmesaini?" Kweli tulisaini. Fundi akazianika juani, akazipigilia, rangi nyeupe ikapakwa, nyumba ikafunguliwa kwa ngoma na wali. Vuli ilipoingia dari ya chumba cha pili ikaanza kubonyea kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Madoa meusi ya ukungu yakatambaa kutoka pembeni hadi katikati. Tulipanda juu kukagua bati, tukakuta halivuji. Mwalimu mwenzangu aliyehamia humo akiwa na mtoto mchanga alikihamishia kitanda sebuleni. Baadaye akampeleka mtoto kwa bibi yake, kwa kuwa alikuwa hakomi kukohoa. Sisemi kwamba ni ukungu ule uliomkohoza, mimi si daktari. Lakini kila ninapopita mbele ya nyumba ile naikumbuka saini yangu.

Ndugu Mhariri, jasi si kitu kigeni kwetu. Inachimbwa Makanya katika wilaya yetu hii hii, inachimbwa Itigi mkoani Singida, na iko Kilwa pia. Hutiwa katika saruji ili isigande upesi mno. Hata chaki inayonichafua mikono kila siku hutengenezwa kwa jasi iliyochomwa. Ukiichoma jasi hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyomo ndani yake ikawa unga. Unga huo ukiutia maji hugeuka tena kuwa kitu kigumu. Bodi ya dari ni unga huo huo uliomiminwa katikati ya karatasi mbili nzito na kuachwa ugande. Ni kitu kizuri. Moto hauishiki upesi, fundi huikata kwa kisu tu, na dari yake hupendeza. Adui yake mkubwa ni maji.

Jambo la pili kuhusu jasi nililijua tangu chuo cha ualimu, ila sikuwahi kulifikiria. Ndani ya jasi kuna salfa. Salfa hiyo imefungwa pamoja na kalisi na oksijeni, nayo haimsumbui mtu. Matata huanza pale salfa inapokuwamo ikiwa huru, haikufungwa na kitu. Nililielewa hili vizuri nilipoanza kutafuta namna watu wa nchi nyingine wanavyozikagua bodi zao, nikakutana na kisa cha Marekani. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kimenifundisha mengi kuliko semina zote za kamati nilizohudhuria.

Wenzetu wa Marekani hawajengi kama sisi. Nyumba zao nyingi mifupa yake ni ya mbao, na kuta zote za ndani pamoja na dari ni bodi za jasi. Kwa hiyo nyumba moja ya kawaida humeza bodi zaidi ya mia. Mwaka 2004 na 2005 vimbunga vikubwa viliipiga Florida na majimbo ya jirani; kile kilichoitwa Katrina kiliingia Louisiana tarehe 29 Agosti 2005 na kuuzamisha mji wa New Orleans. Wakati huo huo ujenzi wa nyumba mpya ulikuwa umepamba moto. Bodi za viwanda vya kwao hazikutosha, wafanyabiashara wakaagiza nyingine kutoka China kwa shehena kubwa kubwa. Watu waliopoteza nyumba zao kwa maji wakajengewa upya, wakarudi, wakashukuru.

Baada ya muda wakaanza kusikia harufu ya yai viza ndani ya nyumba mpya. Viyoyozi vikafa. Fundi anakuja anabadilisha mabomba yale ya shaba yanayopoza hewa, baada ya miezi yanakufa tena, anabadilisha, yanakufa. Nyaya za umeme zikawa nyeusi kama zimepakwa masizi. Vikuku na hereni za fedha zikageuka rangi zikiwa sandukuni. Watu wakalalamika macho kuwasha, kikohozi, kichwa kuuma, pua kutoka damu. Ile salfa huru iliyokuwamo katika bodi ilikuwa ikitoa gesi, hasa ile ya haidrojeni salfaidi, na gesi hiyo ikikutana na shaba huila na kuacha ganda jeusi. Joto na unyevu viliiongezea kasi. Florida na Louisiana zina vyote viwili, na mtu wa pwani yetu anayajua hayo bila kuelezwa.

Naomba msomaji aangalie hapa. Waliogundua hawakuwa wakaguzi. Nyumba zile zilikaguliwa wakati wa kujengwa, kwa maana Marekani ina wakaguzi wa majengo na vitabu vya kanuni vinavyoweza kujaza kabati. Waliogundua ni wenye nyumba kwa pua zao na mafundi wa viyoyozi waliochoka kubadilisha kifaa kile kile. Mkaguzi aliangalia kama bodi imepigiliwa sawa na kama ukuta umenyooka. Kitu kilichomo ndani ya bodi hakikuwa katika orodha yake, na ambacho hakimo katika orodha hakionekani. Nilipofika hapo nikatikisa kichwa peke yangu. Sisi tulihesabu bodi, wao walinyoosha kuta!

Malalamiko yaliifikia Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya huko mwishoni mwa mwaka 2008. Kabla shughuli haijaisha tume hiyo ilikuwa imepokea taarifa karibu 4,000 kutoka majimbo zaidi ya 40, zaidi ya nusu yake kutoka Florida peke yake. Ndipo tume hiyo pamoja na wizara yao inayoshughulikia nyumba zilipotoa, Januari 2010, mwongozo wa kuikagua nyumba ili kujua kama ina bodi mbovu. Mwongozo huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Hatua ya kwanza haihitaji maabara. Mkaguzi anauliza bodi zilipigiliwa mwaka gani, kwa sababu mbovu zilikuwa za kati ya 2001 na 2009. Kisha anatafuta shaba. Umeme unazimwa kwenye swichi kuu, kifuniko cha soketi kinafunguliwa, na tochi inamulikwa kwenye waya ulio wazi usiovikwa plastiki. Shaba nzima ina rangi nyekundu ya udongo. Shaba iliyoliwa na gesi ile ni nyeusi. Halafu anaangalia mabomba ya kiyoyozi. Asipoona weusi, kazi imekwisha, mwenye nyumba alale usingizi. Harufu haikuwekwa katika sharti hilo, nami nilishangaa mpaka nilipofikiri: pua huzoea. Mtu anayeishi na harufu mwezi mzima haisikii tena, na mgeni anaweza kusikia harufu ya choo akasema ni ukuta.

Hatua ya pili ni ya kutafuta ushahidi wa kuthibitisha, maana shaba huweza kuwa nyeusi kwa sababu nyingine. Kipande cha bodi kinakatwa na kupelekwa maabara kupimwa salfa ile huru. Kikipatikana na zaidi ya sehemu 10 katika milioni moja, huo ni ushahidi. Sehemu 10 katika milioni, kwa hesabu ya darasani, ni gramu 10 katika tani nzima ya jasi, yaani pungufu kidogo ya vijiko viwili vya chai vya chumvi! Au kibati safi cha shaba kinaachwa ndani ya nyumba wiki mbili hadi siku 30, kisha kinapimwa kimeliwa kiasi gani. Au mkaguzi anapanda juu ya dari na kuangalia mgongo wa bodi, kama pana chapa inayoonyesha ilikotengenezwa. Kwa nyumba za kuanzia 2005 ilitakiwa ushahidi wa namna mbili. Kwa zile za zamani zaidi, wa namna nne. Ushahidi wa aina moja haukutosha kumhukumia mtu nyumba yake.

Na ilikuwa hukumu kweli. Nyumba iliyothibitika ilitakiwa kuvuliwa bodi zote mbovu hadi mbao zibaki uchi, na kubadilishwa soketi, swichi, ving'ora vya moshi na mabomba ya gesi. Mwanzoni walishauri hata nyaya zote za umeme zing'olewe. Mwaka 2011, baada ya majaribio ya maabara yaliyoiga miaka zaidi ya 40 ya kuliwa kwa nyaya, wakasema nyaya si lazima. Familia zilihama, zikawa zinalipa mkopo wa nyumba isiyolalika na kodi ya nyumba ya kupanga kwa mkupuo mmoja. Makampuni mengi ya bima yalikataa kulipa. Wakati huo huo wakazuka wajanja wa kuuza vifaa vya kupimia na dawa za kupuliza ati zinasafisha ukuta, hata serikali yao ikalazimika kuwaonya wananchi. Walanguzi wa shida za watu hawana taifa.

Kesi zilikusanywa mbele ya jaji mmoja wa New Orleans, Eldon Fallon, mwaka 2009. Mwaka 2010 aliamua familia saba za Virginia zilipwe jumla ya dola milioni 2.6. Kampuni ya Knauf, iliyokuwa na kiwanda huko China, ilikubali mapatano mwaka 2011. Kampuni ya Kichina ya Taishan haikukubali kulipa dola milioni 248 mpaka mwaka 2019. Mtoto aliyezaliwa kesi zinafunguliwa alikuwa darasa la nne au la tano. Moja ya vikwazo ilikuwa kwamba bodi nyingi hazikuwa na jina la aliyezitengeneza. Unajua umeumizwa, hujui umdai nani. Ndiyo maana sheria ya bodi iliyopitishwa na kutiwa saini Januari 2013 ilitaka kila bodi iandikwe jina la mtengenezaji wake, na salfa iwekewe kikomo.

Najua wapo watakaorukia kusema: basi bodi zote za China zitupwe. Hapana. Maabara ya Marekani ilipopima sampuli za aina mbalimbali, zile kumi zilizotoa gesi nyingi kuliko zote zilikuwa za China, na baadhi zilitoa mara 100 ya gesi iliyotoka katika bodi zisizo za China. Hilo ni kweli. Lakini bodi nyingine za China, zikiwamo zilizotengenezwa mwaka 2009, hazikuwa na kasoro hiyo. Hata katika nyumba moja bodi mbovu na nzima ziliweza kukaa ukuta mmoja. Kwa hiyo kuuliza nchi tu hakutoshi. Bodi ya jasi ya Makanya ikilala kwenye maji itaoza vile vile na kuota ukungu, hata tukiiita ya kizalendo.

Nilitaka kujua kama bodi zetu nazo zina ugonjwa ule wa Florida. Nikawaeleza wanafunzi wa darasa la saba, wakafurahi kuliko walivyowahi kufurahia somo lolote la sayansi. Tulikata vipande vinne vya dari ile iliyobonyea na kimoja cha bodi nzima iliyobaki stoo. Kila kipande tulikinyunyizia maji kidogo, tukakitia katika chupa ya kioo yenye kifuniko pamoja na kipande cha waya wa shaba tuliousugua kwa jivu mpaka ukang'aa. Chupa ya sita tuliacha waya peke yake ili tuwe na cha kulinganishia. Tukaziweka juu ya kabati la ofisi wiki tatu. Waya wote sita ulibaki mwekundu, umefifia kidogo tu. Harufu tuliyoisikia tulipofungua ilikuwa ya ukungu, si ya yai viza. Jaribio la chupa si ushahidi wa mahakamani, na wala simshauri mtu anunue au abomoe nyumba kwa sababu ya chupa. Kwetu lilitosha kutuonyesha kwamba hatukuwa na sababu ya kuishuku salfa. Bodi zetu ziliharibiwa na maji tu, tena maji yaliyoonekana kwa macho, ambayo tungeyaona sisi watatu laiti tungesubiri asubuhi.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Mmarekani wa Florida alikuwa na haki ya kusema sikujua, kwa sababu ubaya ulikuwa ndani ya unga na hakuna aliyemwambia autafute. Mimi siwezi kusema hivyo. Nilikabidhiwa dhamana ya kijiji, wazee waliobeba mawe kwa mabega waliniamini kwa kuwa ni mwalimu, nami nikatia saini gizani kwa kuogopa tarehe 30 Juni.

Kwa maoni yangu tatizo la kamati hizi si wizi, ingawa wizi upo na unasemwa kila siku. Tatizo ni kwamba tumeigeuza saini ya mapokezi kuwa risiti. Hati tuliyoletewa ina safu ya idadi, safu ya bei na mahali pa majina matatu. Hakuna mahali pa kuandika "zimelowa". Hakuna mahali pa kuandika "hazina chapa". Nawaomba wahusika katika halmashauri zetu waongeze safu moja tu, ya hali ya mzigo, na wajumbe waelezwe kwamba kuikataa shehena mbovu si kukwamisha maendeleo. Na ikiwa mzigo umekataliwa kwa sababu ya ubovu iliyoandikwa, fedha ile isihesabiwe kuwa kijiji kimeshindwa kuitumia. Bila hilo la mwisho kila kamati itaendelea kusaini mwezi wa sita, hata ikiletewa maboksi ya mayai kwa jina la bodi.

Shirika la Viwango tunalo tangu miaka ya 1970, na sikusudii kulifundisha kazi. Lakini shirika haliwezi kupanda kila mlima usiku kungojea lori. Anayeweza ni mjumbe wa kamati. Mzigo upokelewe mchana. Lifunguliwe furushi la juu, la kati na la chini, maana mjanja huweka nzuri juu. Mgongo wa bodi usomwe: nani ameitengeneza, wapi, lini, kwa kiwango gani. Kingo zibonyezwe kwa kidole gumba. Bodi kavu haikubali, iliyolowa inaingia kama mkate. Bodi moja ivunjwe mbele ya dereva, watu wanuse, wauangalie unga kama ni mmoja. Najua kuvunja bodi ya Serikali kunawatia watu hofu, lakini bei ya bodi moja si kitu mbele ya bei ya dari nzima. Kisha kipande cha bodi ile kiandikwe tarehe, jina la muuzaji na namba ya hati, kitiwe saini na wote waliokuwapo pamoja na dereva, kifungiwe stoo. Nyumba ikija kuleta matata baada ya mwaka, tunacho cha kuonyesha. Sisi leo hatuna kitu ila dari yenyewe, na muuzaji anasema tuliiharibu wenyewe.

Kwa ndugu zetu wa mijini wanaopanga au kununua nyumba zilizokwisha kupambwa, nao wasione aibu kuomba ngazi na tochi. Wazime umeme, wapande juu ya dari, wauangalie mgongo wa bodi badala ya rangi iliyoko chini. Mahali penye kiyoyozi kinachokufa kila mara, au nyaya zilizogeuka nyeusi bila sababu, wamwite fundi umeme mwenye leseni kabla hawajalipa kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba akikataa watu wasipande, hilo nalo ni jibu.

Mzee mwenyekiti nimemsomea barua hii kabla ya kuituma, kwa sababu nimemtaja na simu yake. Alinyamaza kidogo, halafu akasema niandike kwamba betri ilikuwa inaelekea kuisha, asije akaonekana alimulika vibaya. Nimeandika. Akaniambia pia kwamba fedha za kuibomoa dari ile na kuweka nyingine zimeombwa, na ikiwa zitatoka, lori litakuja tena. Tumekubaliana likifika jioni dereva atapewa chakula na mahali pa kulala, na mzigo utashushwa kukikucha. Mwalimu mwenzangu bado analala sebuleni. Mtoto yuko kwa bibi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Same, Kilimanjaro.